Majani mekundu Lanet: inawezekana?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Lanet, Nakuru. Mwaka jana mwezi wa kumi nilikuwa kwa binti yangu Massachusetts, Marekani. Miti ya mtaa wao wote ilikuwa imegeuka rangi, mingine myekundu, mingine ya chungwa, mingine dhahabu tupu, na majani yamejaa barabarani. Nimerudi kwangu, nina ploti ya robo eka, naiona kijani tu mwaka mzima. Binti ameahidi kunitumia mbegu za ule mti wa mepoli (maple). Zitaota hapa? Zitageuka rangi? Na kama haiwezekani, nipande nini ili nipate hata nusu ya nilichokiona? Halafu mparachichi wangu umeanza kuwa na majani ya manjano. Je, nao ni msimu wa kupukutika?

Jibu: Mama, salamu zimefika. Nianze na lililo gumu kulisikia: mti wa mepoli ukipandwa Lanet hautakupa ulichokiona Massachusetts, hata ukiumwagilia kila jioni na kuutilia samadi kila mwezi. Ila nusu uliyoiomba ipo. Sehemu ya nusu hiyo huenda unapita kando yake kila kiangazi ukienda dukani, ila hujawahi kuihesabu kuwa bustani. Watu wengi hufika kitaluni wakitaka mti, kumbe wanachokitaka ni hali ya hewa. Kwa hiyo nieleze kwanza kilichokuwa kikitokea kule kwa binti yako, ndipo uone ni kipi kinaweza kutokea kwako.

Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo jani huitumia kunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula. Klorofili haidumu. Jani huivunja na kuitengeneza upya siku zote, mradi kuna joto, maji na mwanga. Chini ya kijani hicho mna rangi nyingine za manjano na chungwa, ziitwazo karotenoidi, zile zile zinazoipa karoti rangi yake. Zimo ndani ya jani muda wote wa uhai wake, ila kijani kimezifunika.

Sasa, kule kaskazini mchana hufupika. Mjini Boston mwezi Juni mchana huzidi saa 15, na ikifika Desemba hubaki saa tisa na dakika chache. Mti husoma mabadiliko hayo na kujua kwamba baridi ya kugandisha iko njiani. Huacha kutengeneza klorofili, huvuta naitrojeni na fosforasi kutoka majanini na kuzihifadhi matawini, kwenye shina na mizizini, kama mpangaji anayehama na kung'oa hata balbu. Kwenye kikonyo cha jani hujengeka tabaka la seli ambalo baadaye hukatika, na jani huanguka. Kijani kikishaondoka, manjano iliyokuwa imefichika hujitokeza. Hapo mti haujapaka rangi yoyote, umefunua tu.

Nyekundu ni habari tofauti. Hiyo ni antosianini, na jani huitengeneza upya katika siku zake za mwisho, kwa kutumia sukari iliyobaki ndani. Ndiyo maana mwaka wenye michana ya jua na usiku wa baridi isiyogandisha huwa mwekundu kuliko mwaka wa mawingu na mvua. Ndiyo maana pia upande wa mti uliopigwa na jua huwaka huku upande wa kivulini ukiishia manjano. Kwa nini mti ugharimike kutia rangi jani linalokufa? Wanasayansi bado wanabishana. Maelezo mojawapo yenye nguvu ni kwamba antosianini hulikinga jani na jua kali wakati mti unavuta virutubisho vyake, maana jani lililopungukiwa klorofili huungua upesi.

Basi turudi Nakuru. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, hata nusu ya digrii haifiki. Mchana wa Juni na mchana wa Desemba unatofautiana kwa dakika chache ambazo wewe na mimi hatuwezi kuzitambua, na mti wa mepoli ndio kabisa, kwake ni kama hakuna kilichobadilika. Tena mti huo, baada ya kupukutisha, unahitaji majuma mengi ya baridi kali ndipo vichipukizi vyake viamke sawasawa. Hata mbegu yake huwa haioti mpaka ikae kwenye unyevu na baridi inayokaribia sufuri kwa miezi miwili au mitatu. Mbegu unaweza kuidanganya kwa kuiweka ndani ya friji. Mti wenyewe hakuna friji utakayouingiza. Utapata mche, utafurahi, halafu utauona unasinzia wakati usiotarajiwa, tawi moja likichipua na jingine likibaki kavu, na majani yakiungua kingo bila kuwa mekundu.

Wakulima wa matofaha wanalijua hili vizuri. Ukienda Molo, ambako ni juu sana na baridi yake unaijua, matofaha yanayofaa ni aina zisizodai baridi nyingi, kama ile ya Anna iliyotoka Israeli. Hata hizo, katika nchi za joto, mkulima mara nyingi huyang'oa majani kwa mkono baada ya kuvuna ili kuulazimisha mti uchipue na kutoa maua kwa pamoja. Kama tofaha la biashara linabembelezwa hivyo, mepoli wa mapambo atabembelezwa na nani?

Na kuhusu mbegu zenyewe: mwambie binti asizitie kwenye bahasha tu na kuzituma. Kuingiza mbegu au miche nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na nchi inayotuma lazima itoe cheti cha afya ya mimea. Wengine huona ni usumbufu wa maofisa, lakini wadudu na magonjwa mengi ya mimea yameshavuka mipaka kwa njia ya zawadi za namna hiyo.

Ukishikilia kwamba lazima uwe na mti mmoja wa kigeni, usitafute mepoli. Tafuta Liquidambar styraciflua. Nao ni wa Marekani, majani yake yana ncha tano kama nyota na watu huyafananisha na ya mepoli. Tofauti ni kwamba asili yake inashuka hadi kwenye milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, hivyo umezoea nyanda za juu zisizo na theluji. Kwenye kimo cha Nakuru, kama mita 1,850 hivi, una nafasi nzuri kuliko ndugu zake wa kaskazini. Ila usitarajie mti mzima uwake wiki moja. Penye joto rangi yake huja kwa vipande, tawi hili jekundu na lile bado kijani. Na mizizi yake ni ya kutambaa juujuu, basi usiuweke karibu na saruji wala shimo la choo.

Mimi nisingeanza na huo. Ningeanza na miti ambayo haihitaji mchana mfupi ili kujua wakati wake. Kwetu ishara ya kubadilika haitoki kwenye urefu wa mchana, inatoka kwenye maji. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi ardhi ya Nakuru hukauka, na udongo wetu wa majivu ya volkano hupitisha maji upesi, kwa hiyo miti huona kiangazi mapema. Wakati huo huo mchana ni wa jua kali na usiku ni wa baridi, na hayo, kama nilivyosema, ndiyo mazingira ambayo nyekundu huyapenda. Kwa hiyo Nakuru ina vitu viwili kati ya vitatu vinavyotakikana. Kilichobaki ni kupata mti unaokubali ukame uwe ndiyo saa yake.

Wa kwanza kabisa ni mutundu. Wakalenjin huuita tebeswet na Waluhya musutsu, na kwenye vitabu ni Croton macrostachyus. Huu mti umekuzunguka, mama. Uko kingoni mwa misitu, kwenye mipaka ya mashamba, njiani kuelekea Njoro na Bahati, na watu wanaukata kuni bila kuutazama mara ya pili. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo, na kabla ya kuanguka hugeuka rangi ya chungwa iliyoiva, si manjano ya ugonjwa. Karibu wakati wowote wa mwaka utaona majani machache ya chungwa yamechanganyika na ya kijani. Kiangazi kikikaza huongezeka, na mti wote unaonekana una madoa ya moto. Hauwi mwekundu kama mepoli na sitakudanganya kuhusu hilo. Lakini jani moja la mutundu ukiliokota na kuliinua kuelekea jua, halina cha kuonea haya mbele ya jani lolote la Massachusetts.

Uzuri wa mutundu ni kwamba hukua haraka, hauchagui udongo, na maua yake nyuki huyapenda. Ubaya wake ni kwamba vitalu vingi havina miche yake, kwa sababu hakuna anayeulizia. Mvua za Aprili zikishanyesha, tembea chini ya mti mkubwa uliokomaa utafute miche iliyojiotea. Ing'oe jioni pamoja na udongo wake, miche yenye urefu wa shubiri moja au mbili, na uipande siku hiyo hiyo. Mti huo hutumika sana kwa dawa za kienyeji, lakini una sumu ndani yake, hasa mbegu, basi wajukuu wasizichezee. Uupe mita sita au saba kutoka kwenye nyumba.

Ukiwa na nafasi ya mti wa pili, weka muhuti, yaani Erythrina abyssinica. Huu hautakupa rangi ya jani hata kidogo. Hufanya jambo jingine ambalo kwa macho yangu linazidi: hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi, hubaki matawi matupu na gome lake lenye mikunjo kama limelala, halafu kwenye ncha za matawi hayo hayo makavu hutoa mashada ya maua mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa. Ndege wanaofyonza asali hujaa hapo asubuhi nzima. Upande wa magharibi Waluhya huuita murembe na Wajaluo orembe. Huko kwa Waluhya ni mti wenye heshima yake, watu waliapa mbele yake penye mzozo, na wazee wengi hadi leo hawatakubali uukate ovyo. Kama mume wako au jirani ni mtu wa Kakamega au Bungoma, muulize kwanza kabla ya kuuweka langoni. Kuuotesha ni rahisi kupita kiasi: kata tawi nene kama mkono wako, urefu wa mita moja na nusu, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha ulichomeke ardhini mvua zikikaribia. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi watoto huzipenda kwa kuwa zinang'aa kama shanga. Zina sumu, zikusanywe.

Wengi wataniuliza kwa nini sikuanza na Nandi flame, ule mti wa maua ya moto uliojaa kuanzia Nandi hadi Kakamega. Ni mti wa kwetu, unapendeza sana ukiutazama kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye robo eka ni kosa. Matawi yake huvunjika kwa upepo bila taarifa, na huenda juu na upana kuliko watu wanavyodhani wanaponunua mche wa kikopo. Kwenye visiwa vya Pasifiki kama Fiji na Hawaii ulipelekwa kama pambo ukageuka kuwa gugu linalomeza mashamba. Uache huko bondeni, uende kuutazama.

Jakaranda nayo unayo mtaani, kwa hiyo sina haja ya kukuuzia. Maua yake ya zambarau kila mtu anayajua. Wachache huangalia kwamba kabla ya maua hayo majani yake madogo madogo hugeuka manjano na kumwagika kama pumba kwa majuma kadhaa. Ukikaa upande wa mashariki wa mti saa kumi na moja jioni, jua likipita ndani ya yale majani, utaelewa ninachosema.

Laiti ungekuwa Kisumu ningekupa mti mmoja zaidi, mkungu, ule wa pwani wenye matawi ya ngazi ngazi, Terminalia catappa. Huo ndio mti wa joto unaokaribia sana tabia ya mepoli, kwa kuwa majani yake makubwa huwa mekundu kweli kweli kabla ya kuanguka, na antosianini ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi na usiku wenye joto, unafaa. Lanet utaona baridi na kudumaa. Nakutajia ili ukienda kutembelea watu Kisumu usipite chini yake bila kutazama juu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo lenye thamani kubwa kwa bustani ya ikweta, na ambalo watu wa kaskazini hawalitegemei sana. Kwetu nyekundu nyingi zaidi huja jani likizaliwa kuliko likifa. Tazama mwembe ukichipua: majani machanga yananing'inia, laini, rangi ya shaba na maruni, na mti mzima unaonekana umebadilisha nguo. Ile ni antosianini ile ile. Jani changa bado halijakamilisha klorofili yake, jua letu la utosini ni kali, kwa hiyo hujikinga. Baada ya siku kadhaa hukomaa na kuwa kijani. Miembe ya Kisumu na Busia hufanya hivyo kwa fahari. Ya Nakuru huchipua kwa unyonge kidogo kwa sababu ya baridi, lakini hata mparachichi una majani machanga yenye wekundu wa shaba, hasa aina fulani. Mzambarau pia. Na mawaridi, ambayo mtu wa Nakuru hana sababu ya kuyakosa: kichipukizi cha waridi ni maruni kabla hakijawa kijani.

Faida ya rangi hii ni kwamba unaweza kuiagiza. Majani ya kufa huja yakitaka, lakini majani machanga huja ukipogoa. Kata ncha za ua wa mawaridi au mzambarau mdogo, umwagilie vizuri, na baada ya majuma machache upande wote ule utakuwa mwekundu. Ukiwa na wageni mwezi wa Desemba, hesabu nyuma kama majuma matatu au manne, upogoe hapo. Usipogoe kila kitu siku moja. Gawa, huku leo, kule mwezi ujao, rangi ihame ndani ya bustani.

Kisha kuna vichaka vyenye rangi ya kudumu, navyo nitavipitia haraka kwa sababu kila kitalu cha kando ya barabara kinavyo. Akalifa yenye majani ya shaba na nyekundu huota kwa kukata kijiti na kukichomeka, na Lanet inafaa. Krotoni ile ya majani ya madoa ya manjano na nyekundu ni ya joto: Kisumu inatawala, kwako itapukutisha majani kila Julai na kukukasirisha. Zote mbili ukizificha kivulini hufifia, zinataka jua la kutosha. Euphorbia cotinifolia, yenye majani ya maruni mwaka mzima, inapendeza sana nyuma ya maua ya manjano, ila utomvu wake mweupe huunguza ngozi na ni hatari ukiingia machoni. Anayeipogoa avae glavu.

Kuna mbili zinazohitaji maelezo kwa sababu watu hunilalamikia. Moja ni poinsetia, ile ya Krismasi. Kile chekundu si ua, ni majani ya juu yaliyogeuka, na hugeuka usiku ukiwa mrefu na wa giza lisilokatizwa. Kwetu usiku ni kama saa 12 tu, yaani mmea huu unaishi kwenye ukingo wa kile unachokihitaji. Mwanga kidogo usiku unatosha kuuharibia hesabu. Poinsetia iliyopandwa chini ya taa ya usalama hubaki kijani mwaka hadi mwaka, na mwenyewe anaongeza mbolea akidhani ina njaa. Ihamishie nyuma ya nyumba kusikofikiwa na taa ya ukutani wala ya barabarani. Maliza kwa kuipogoa fupi baada ya rangi kuisha.

Ya pili ni kodilaini, yenye majani marefu ya waridi na maruni. Watu wa Nakuru huniambia ncha zake zinakauka na kuwa kahawia hata zikimwagiliwa. Chunguza maji. Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, hiyo hiyo inayotia meno ya watoto wetu madoa, na kodilaini pamoja na dresina ni kati ya mimea isiyoivumilia kabisa. Floraidi hujikusanya kwenye ncha za majani na kuziunguza. Tega maji ya mvua kwenye tangi na uitumie hiyo kwa mimea hii miwili. Mengine yote unaweza kumwagilia maji ya kisima.

Bogenvilia wala sikuelezi mengi. Inyime maji kidogo, usiipe mbolea ya naitrojeni, iweke penye jua siku nzima, itakuaibishia jirani.

Kuhusu mpangilio wa robo eka yako: rangi ya chungwa na nyekundu haionekani ikiwa mbele ya ukuta wa mawe wala mabati. Inataka kijani kizito nyuma yake. Kwa hiyo mutundu wako uweke mbele ya kitu kisichopukutika, kama ua mrefu wa msaipresi au ule mparachichi wenyewe, na uuweke upande wa magharibi wa mahali unapopenda kukaa jioni, ili jua la kuzama lipenye majani likija kwako. Jani lenye mwanga nyuma yake na jani lenye mwanga mbele yake ni kama vitu viwili tofauti. Nyumba yako ikitazama mashariki na unakunywa chai barazani asubuhi, geuza hesabu hiyo. Na usipande kimoja kimoja kila kona. Vichaka vitatu vya akalifa pamoja vinaonekana, vitatu vilivyotawanyika vinapotea.

Halafu kuna suala la ufagio. Nusu ya ulichokipenda Massachusetts ilikuwa chini, majani yamefunika nyasi. Kwetu uwanja haujaamka mpaka ufagiliwe, na jani moja likionekana saa mbili asubuhi mama wa nyumba anajisikia amevuliwa nguo. Naelewa, nimelelewa hivyo hivyo. Lakini fagia njia, fagia mbele ya mlango na pembezoni mwa nyumba ambako hutaki nyoka ajifiche, na chini ya mutundu uache. Majani yatakaa na rangi yake siku chache, kisha yatakuwa kahawia na kugeuka matandazo yanayozuia udongo wako wa volkano kupoteza unyevu. Usiyachome. Yale uliyofagia yarundike kona moja na samadi kidogo, yawe mboji ya mwaka ujao.

Miche ya miti ya asili ambayo hutaiokota mwenyewe, ulizia kwa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu. Wana kituo Londiani, ambacho si mbali nawe, na kingine Maseno kwa walio upande wa ziwa. Chimba mashimo mwezi wa Machi, rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza, na upande mvua ikishashika vizuri, siyo ile ya kwanza ya kuzugia.

Nimalize na mparachichi, kwa kuwa huo si wa kusubiri. Mparachichi haupukutishi wote kwa pamoja kwa afya njema. Hubadilisha majani kidogo kidogo, na mengi huanguka wakati unapotoa maua na kuchipua. Kwa hiyo angalia ni majani gani yamekuwa manjano. Yakiwa ni ya zamani, ya chini, manjano iliyoenea jani zima, na mti unachipua kwa unyonge, hiyo kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni. Mtie samadi iliyooza kuzunguka ukingo wa kivuli chake, siyo kwenye shina. Yakiwa ni machanga, ya juu, yamekuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mti unashindwa kupata madini ya chuma, na hilo hutokea sana penye udongo wenye magadi kama ule unaoelekea ziwani, au penye maji yanayotuama. Hapo kumwaga mbolea zaidi hakusaidii mpaka udongo upimwe. Lakini ikiwa mti wote unafifia, majani ni madogo na yamelegea hata udongo ukiwa na maji, na matawi ya juu yanaanza kukauka, nashuku uozo wa mizizi. Acha kumwagilia, fukua kwa upole pembeni uone mizizi midogo. Ikiwa nyeusi na inakatika kwa urahisi, chimba mtaro wa kuondoa maji, usihamishe udongo huo kwenda kwenye mti mwingine, na umwite ofisa wa kilimo wa wadi yako auone kabla hujapanda kitu kingine hapo. Kwa vyovyote, nitumie picha ya jani upande wa juu na upande wa chini, pamoja na ya mti mzima, nikwambie ni lipi kati ya hayo matatu.